MBWA MCHANGA ANAYECHECHEMEA: MTAZAME VYEMA KABLA HUJAMTUPA

Wakulima wa skimu wakifika ofisini kwetu huuliza habari za mbegu, za mbolea, na za ng'ombe aliyepunguza maziwa. Habari za mbwa huja mwisho, mtu akiwa amekwisha simama kwenda zake, tena kwa haya kidogo, kana kwamba jambo hilo halistahili kuandikwa katika kitabu cha serikali. "Karani, yule mbwa wangu mchanga huu ni mwezi wa pili anachechemea. Nimpe dawa gani, au nimwondoe tu?" Kwa kuwa swali hili limeulizwa na wengi, tumeona yafaa lijibiwe hapa.

Mbwa wa shambani ana kazi yake. Katika mashamba ya ekari chache yaliyokatwa kutoka yale makubwa kuanzia mwaka wa 1962, kama huko Kinangop, Ol Kalou na Lugari, mbwa ndiye anayejua kwanza kwamba mtu amefika zizini usiku. Ndiye anayemfukuza nungunungu katika viazi na tumbili katika mahindi. Umemlisha karibu mwaka mzima ili afike umri wa kazi. Ukimwua kwa sababu ya mwiba ambao hukuutafuta, umepata hasara. Na ukimwacha aende chopi miezi mitatu kwa kungoja apone mwenyewe, huenda mfupa ukakua umepinda, usinyooke tena maisha yake yote.

KABLA HUJAMGUSA

Iko hatari moja ambayo yapasa itajwe kwanza, maana inaua watu. Mbwa mwenye kichaa cha mbwa huweza kuanza kwa kuyumba na kuburuta miguu ya nyuma, na mwenyewe akadhani ameumia tu. Ugonjwa huu ulithibitishwa katika nchi yetu ya Kenya mwaka wa 1912, na bado upo. Mbwa mchanga huweza kuupata kama mbwa mzima.

Basi simama mbali kidogo umtazame. Je, taya imelegea na mate yanachuruzika? Sauti yake imebadilika? Anauma fimbo na mawe, au yeye aliyekuwa mkali amekuwa mpole kupita kiasi na kujificha gizani? Ukiona mambo hayo, usimfungue kinywa kutafuta mfupa uliokwama. Wengi wameponzwa na huruma hiyo. Mfungie ndani kama waweza kufanya hivyo bila kumgusa, waondoe watoto, ukamwite afisa wa mifugo mara moja.

Mtu akiumwa au akirambwa penye kidonda, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini anayechanjwa mapema huokoka. Mbwa wako na achanjwe akifika umri wa miezi mitatu, na kila mwaka baadaye.

Ikiwa mbwa wako anakula vizuri, anakujua, anatikisa mkia, na neno lake ni mguu tu, endelea kusoma.

MGUU GANI?

Utashangaa kusikia kwamba wengi wanaokuja kuuliza hawajui ni mguu gani. Husema, "Ule wa nyuma," na ukiuliza kulia au kushoto hunyamaza. Chukua kamba, mpe mtoto amtembeze mbwa polepole mahali tambarare, akienda na kurudi, nawe usimame kando. Asikimbie, maana akikimbia huficha mengi.

Mguu wa mbele ukiuma, tazama kichwa. Mbwa hukiinua kichwa mguu mbovu unapokanyaga, ili kuupunguzia uzito, na hukishusha mguu mzima unapokanyaga. Kwa hiyo kichwa kikishuka, huo ndio mguu mzima. Watu wengi hulielewa jambo hili kinyume. Mguu wa nyuma ukiuma, tazama nyonga kutoka nyuma: ile ya upande mbovu huruka juu zaidi. Na ikiwa miguu yote miwili ya nyuma inaruka pamoja kama ya sungura, liweke jambo hilo moyoni, tutalirudia.

Sasa chukua daftari, hata lile la zamani la mtoto wa shule. Andika tarehe, mguu gani, na kama ni asubuhi akiamka au jioni baada ya kukimbia. Andika hivyo kila siku kwa wiki mbili. Najua mkulima ana kazi nyingi, lakini mstari mmoja kwa siku si mzigo. Mwaka jana mkulima mmoja alituletea daftari la namna hiyo. Lilionyesha kwamba mbwa wake alichechemea mguu wa mbele wa kulia siku sita, akapona siku nne, kisha akaanza mguu wa nyuma wa kushoto. Pasipo lile daftari angesema tu kwamba mbwa anachechemea, wala daktari asingejua pa kuanzia.

MPAPASE KUTOKA CHINI KWENDA JUU

Hata mbwa mpole huuma akiguswa penye maumivu. Chukua kipande cha kitambaa kirefu, kizungushe puani mara moja, kivuke chini ya kidevu, ukakifunge nyuma ya masikio. Kisikazwe mno, wala kisikae muda mrefu. Na mbwa anayetapika au anayepumua kwa shida asifungwe kabisa.

Anza na mguu mzima ili mbwa azoee mkono wako, nawe ujue ulivyo mguu usio na ugonjwa. Kisha shika ule mbovu, uanze kwenye wayo. Sababu nyingi zimo humo, nazo ndizo rahisi kuliko zote. Tanua vidole kimoja kimoja. Tafuta mwiba wa mgunga, kipande cha chupa, ukucha uliopasuka mpaka kwenye nyama, kupe waliojibanza katikati ya vidole, na jeraha la seng'enge. Tazama pia kama watoto hawakumvalisha raba mguuni kwa mchezo. Raba huzama chini ya manyoya, ikakata ngozi mpaka kwenye mshipa, nawe usiione mpaka mguu umevimba na kunuka.

Mwiba ung'oe kwa kibanio kilichochemshwa. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja kidogo cha chumvi. Mara mbili kwa siku yatosha.

Funza nao wamo katika nyayo za mbwa wengi, na wakulima hawawafikirii. Funza wa mbwa ndiye yule yule wa mtoto wako. Anakaa katika vumbi kavu, na mbwa anayelala jikoni penye vumbi huwasambaza nyumba nzima. Basi ukimkuta mbwa ana funza, tazama miguu ya watoto jioni ile ile. Nyunyizia maji sakafu ya udongo kabla ya kufagia, na mahali anapolala mbwa pasiwe na vumbi.

Ukitoka kwenye wayo bila kuona kitu, panda juu. Bonyeza mfupa mrefu kwa kidole gumba, polepole, kisha kunja kila kiungo: kifundo, kiwiko, bega, na nyuma, kifundo, goti, nyonga. Linganisha joto na unene wa pande mbili. Zungusha uzi kwenye paja la kulia, kisha la kushoto, mahali pale pale. Ikiwa paja moja limekonda, basi mbwa ameacha kulitumia siku nyingi kuliko ulivyodhani.

CHAKULA NDICHO KINACHOSAHAULIWA

Hapa nataka kukaa kidogo. Katika skimu mbwa mchanga hupewa ugali, na makoko ya sufuria, na siku ya furaha kipande cha nyama. Tumbo hujaa. Lakini mfupa wake hujengwa kwa kalsiamu, na mahindi hayana kalsiamu ya kutosha hata kidogo. Maziwa, kwa uzito ule ule, yana kalsiamu zaidi ya mara 10 kuliko unga wa mahindi.

Nyama tupu haiponyi jambo hili, bali hulizidisha. Mbwa anayekua huhitaji kalsiamu isiyopungua fosforasi, hata izidi kidogo. Lakini katika nyama isiyo na mfupa fosforasi ni mara 15 mpaka 20 ya kalsiamu. Basi mwili unapoona kalsiamu imepungua katika damu, huichota kutoka kwenye mifupa yenyewe, kama mtu anayeng'oa mbao za ghala lake ili apikie. Mifupa hubaki mwembamba kama ganda. Mbwa huanza kuchechemea, hataki kucheza, hulia akiguswa, na siku moja huruka ukuta mdogo tu mguu ukavunjika. Mwenyewe husema amepigwa jiwe na jirani. Ugomvi kama huo tumeusikia ofisini, na kumbe jirani hana hatia.

Watu husema mbwa akae juani mifupa ipate nguvu. Kwa mtoto wa binadamu hayo ni kweli, kwa kuwa ngozi yetu hutengeneza vitamini D kwa jua. Ngozi ya mbwa haiwezi kuitengeneza ya kutosha. Yapasa aipate katika chakula: samaki, kiini cha yai, na maini kidogo.

Kwa hiyo changanya ugali wake na maziwa, hata yale mala. Mpe omena wazima, kwa sababu wanaliwa pamoja na mifupa yao. Omena waliosagwa wakatiwa katika uji wa mbwa ni chakula bora kuliko kilo ya nyama. Yai mara moja moja lafaa. Lakini usinunue unga wa mifupa wa ng'ombe ukamtilia kwa kukisia. Kalsiamu ikizidi, hasa kwa mbwa wa aina kubwa, viungo navyo huharibika. Muulize daktari wa mifugo kipimo kwa uzito wa mbwa wako. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, maana hupasuka kama sindano. Na maini au mapafu ya kondoo yasiliwe mabichi, hasa yakiwa na malengelenge ya maji: mbwa huyala akapata minyoo midogo sana, na mayai ya minyoo hiyo yakiingia kwa mtu huota uvimbe katika ini. Maini na yachemshwe. Yale yenye malengelenge yachomwe moto au yafukiwe shimo refu.

MAMBO YA MIFUPA INAYOKUA

Mfupa wa mbwa mchanga haujakomaa mpaka afike karibu mwaka mmoja, na wale wakubwa mwaka na nusu. Karibu na ncha zake pana sehemu laini ndipo urefu unapoongezeka. Mguu wa mbele, chini ya kiwiko, una mifupa miwili iliyolala pamoja. Mbwa akianguka kutoka garini au akikanyagwa na ng'ombe, sehemu laini ya mmoja huweza kupondeka karibu na kifundo, mfupa huo ukaacha kukua, na mwenzake ukaendelea. Mguu hupinda kama upinde, wayo ukageukia nje. Mwanzoni huoni kitu ila kuchechemea kidogo. Ndiyo maana mbwa wa miezi mitano aliyeanguka asingojewe kama mbwa mzima anavyongojewa. Daktari akimwona mapema anaweza kuunyoosha. Mguu ukikwisha kupinda kazi ni kubwa.

Yule mbwa wa daftari, ambaye maumivu yalihama kutoka mguu hadi mguu, huwa na moja ya mambo mawili. Yako maradhi ya ndani ya mfupa yanayowashika mbwa wa aina kubwa kati ya miezi 5 na 18, madume zaidi kuliko majike, hasa wale wenye damu ya German Shepherd, ambao wazee waliwaita Alsatian. Ukibonyeza mfupa mrefu katikati, analia. Maradhi haya huja na kuondoka kwa wiki nyingi, kisha huisha yenyewe. Huyu ndiye mbwa anayeuawa bure.

Jambo la pili ni homa ya kupe. Hapo mguu nao huhama, lakini mbwa mwenyewe ni mgonjwa: hataki kula, ufizi umekuwa mweupe, pengine hutoka damu puani. Mpime kwa kipima joto. Mbwa mzima wa afya huwa na nyuzi 38 mpaka kama 39.2, ikipita 39.5 naye ametulia kivulini, hiyo ni homa. Homa ya kupe ina dawa yake, nayo hutolewa kwa wiki kadhaa. Ukiikatiza mbwa akionekana amepona, hurudi. Kupe wa mbwa hujificha katika nyufa za kibanda chake, basi kibanda nacho kisafishwe. Dawa ya josho la ng'ombe usimmwagie mbwa bila kuuliza kipimo.

Na sasa yule anayeruka kama sungura. Kiungo cha nyonga yake huenda kimelegea tangu kukua, kitu ambacho hurithiwa. Huchelewa kuamka, huketi upande, huchoka upesi. Kupona kabisa si rahisi, lakini wengi huishi miaka mingi wakipunguziwa uzito na kuzuiwa kuruka, na daktari akawapa dawa ya maumivu. Mbwa huyo hata awe mkali namna gani, asizalishwe. Jirani akiomba mtoto wake, mwambie sababu.

Bega na kiwiko nacho huweza kuharibika kwa mbwa anayekua upesi mno. Hayo huonekana katika picha ya eksirei, wala hakuna mkono unaoweza kuyajua kwa kupapasa tu.

KUPUMZIKA, NA DAWA ZA WATU

Mbwa asiye na homa, wala uvimbe, na anayekanyaga ingawa kwa kuchechemea, mpumzishe wiki mbili. Kupumzika maana yake afungwe mahali penye kivuli na maji, atolewe kwa kamba kwenda haja, arudi. Kamba ifungwe kwenye ukanda mpana wa shingoni, kamwe isiwe waya. Wengi humpumzisha mchana, kisha humfungulia usiku akimbizane na nungunungu, wakashangaa kwamba haponi.

Vidonge vya watu usimpe. Brufen na dawa za diklofenaki huweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake, na hata Panadol ikizidi kipimo huharibu ini na damu. Kipimo cha mbwa hakikisiwi kwa kukata kidonge vipande viwili. Tena maumivu yakizimwa, mbwa hukimbia juu ya mfupa uliopasuka. Na ile chupa ya dawa ya ng'ombe iliyobaki dirishani iache hapo. Sindano ya paja ikichomwa na asiyejua huweza kugusa mshipa wa fahamu, ukawa umeongeza kuchechemea juu ya kuchechemea.

Usimfunge vijiti kwa kukaza. Kitambaa kikikaza, damu haishuki, na wayo huoza katika siku chache. Ni heri kumbeba kama alivyo ndani ya sanduku.

WAKATI WA KWENDA KWA DAKTARI

Usingoje wiki mbili ikiwa mguu unaning'inia, au mfupa umetokeza, au hakanyagi kabisa kwa siku nzima, au kidonda kinanuka, au ana homa. Mbwa mchanga aliyeanguka au kupigwa naye aende mapema, kwa sababu tuliyoitaja. Waliobaki, baada ya wiki mbili za kupumzika kwa kweli wasipopata nafuu, waende.

Tangu mwaka wa 2013 huduma za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti, basi anza na ofisi ya mifugo ya wadi yako. Ukimwita daktari wa kulipwa, una haki ya kuuliza kama ameandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Aliyeandikishwa hachukii kuulizwa. Picha ya eksirei haipatikani kila mji. Kabete, kwenye kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kuna hospitali inayotibu mbwa. Uliza gharama kwanza, wala usione haya kusema uwezo wako. Daktari mwema atakuambia lipi la lazima na lipi linaweza kungoja.

Pengine atakuambia mguu hauwezi kuokolewa na ukatwe. Wakulima wengi wakisikia hivyo husema heri afe. Lakini mbwa mchanga mwenye miguu mitatu mizima hujifunza kutembea upesi, mara nyingi katika siku chache, hukimbia, na masikio yake usiku ni yale yale. Ikiwa nyonga au mguu mwingine nao ni mbovu, hapo ni shauri jingine, na daktari akisema alazwe kwa sindano asiteseke, msikilize. Sumu na kamba si njia ya kumwondoa mbwa.

Siku ya safari usimlishe asubuhi, ila maji apewe, kwa maana huenda akahitaji kulazwa usingizi ili apigwe picha. Mweke ndani ya sanduku au kikapu kipana chenye gunia chini, mguu mbovu ukiwa juu. Chukua kadi yake ya chanjo na lile daftari. Umpeleke yule mtoto aliyemtembeza kwa kamba pia, kwa kuwa mara nyingi ndiye anayejua mbwa alianguka lini na wapi.